WebSDR ya Twente: kijiwe cha bure cha kujifunzia lugha ya maham

Hii review ni ya kitu ambacho hakiuzwi, huna haja ya kujisajili, na ukurasa wake una sura ya intaneti ya 2008, mwaka ule ule kilipoanza. Naongelea WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, pale Enschede, Uholanzi. Ni redio ya masafa mafupi inayoendeshwa na programu, antena iko juu ya jengo la chuo, wewe unafungua kwenye browza unazungusha masafa unavyotaka kuanzia 0 hadi 29.160 MHz, na mwenzako aliyeko Brazil anasikiliza kwingine muda huo huo bila kukuingilia. Bure kabisa.

Mi naipendea kitu kimoja, lugha. Wale jamaa wa redio za ridhaa, maham, yaani wanaowasiliana kwa redio kama hobi, wana misimu yao ambayo ukiisoma kwenye orodha unasinzia, ila ukiisikia inatumika mubashara inaingia kichwani yenyewe. Mfano hizi Q zao. Zilitengenezwa enzi za telegrafu, mkataba wa kimataifa wa London wa 1912 ukazipitisha, lengo lilikuwa kufupisha sentensi nzima za Morse kwa herufi tatu. Saivi mtu ana maiki mkononi, anaweza kusema anachotaka kwa kirefu, lakini bado utamsikia "my QTH is..." yaani niko mahali fulani, "lots of QRM" kuna watu wananiingilia, na kama ni radi ndo inakwaruza hiyo inaitwa QRN siyo QRM, wanatofautisha kabisa kelele za binadamu na za mbingu. QSB sauti inapanda inashuka. QRT nafunga mitambo nikalale. QRP natumia nguvu kidogo, kwa kawaida wati 5 kwa Morse, na mtu wa QRP atakutajia mwenyewe hata hujamuuliza, wanajisikia sana hao 😂

Ukitaka stori ingia saa 4 usiku za kwetu na kuendelea, bendi ya mita 80, kuanzia 3.6 mpaka 3.8 MHz, bonyeza kitufe cha LSB (aina ya mawimbi ya sauti wanayotumia hapo). Hapo utakuta Wajerumani, Waholanzi na Waingereza wamekaa wanapiga soga, wenyewe wanaiita "rag chew", antena ya huyu, goti la yule, hali ya hewa. Wote wanaitana OM, yaani old man, hata kama kijana ana miaka 16, kwa hiyo ukizoea kuitana mzee mtaani hutashangaa. Mwanamke ni YL, binti, hata akiwa bibi wa miaka 80. Mke wa mtu ni XYL, binti wa zamani, sijui nani alikubali hiyo. Wanaagana kwa 73, salamu nyingi, namba iliyotoka kwenye misimbo ya telegrafu ya Marekani ya karne ya 19, na 88 ni mabusu kwa hiyo usimpe kila mtu. Wajerumani wanaongezea 55, kila la kheri, hiyo kwa Waingereza huisikii. Na wakisema fulani ni "silent key" poleni, mtu amefariki.

Ila burudani yenyewe iko mita 20, 14 MHz na kitu, hapa bonyeza USB (ndugu yake LSB, siyo ile ya kuchomeka flashi). Ngoja stesheni ya nchi adimu itokee. Anaita CQ, yaani "yeyote anayenisikia anijibu", mara moja tu, zile mistari kwenye skrini zinanenepa ghafla, watu wanatupa kolsaini zao, yale majina yao ya hewani ya herufi na namba, wote kwa pamoja, ni makonda wa stendi wameona abiria mmoja mwenye begi. Hiyo ndo "pile-up". Anayeita bila kusikiliza ataitwa "lid", na kwao hilo ni tusi. Nchi za kwetu zinawindwa pia, ukisikia kolsaini inaanza na 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi. Halafu hii nilicheka: wakitaja kolsaini kila herufi ina neno lake, Z rasmi ni Zulu, lakini kelele zikizidi wengi wanasema "Zanzibar", neno refu linapenya vizuri. Kwa hiyo kuna mzee Finland kila siku anataja Zanzibar na huenda hajawahi kuikanyaga.

Wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba usikose, kuna CQ WW ya sauti, shindano la maham la dunia nzima. Kila mtu anampa mwenzake 59, maana yake nakusikia safi kabisa na mawimbi yana nguvu, halafu hapo hapo anamwomba arudie kolsaini mara nne coz hajaskia kitu. Watu wazima wanadanganyana hivyo saa 48!

Mapungufu sasa. Ukurasa haukufundishi hii lugha hata kidogo, usiku wa kwanza ni mikwaruzo na herufi tu, uwe na orodha ya Q pembeni. Kwenye simu ni mateso, vitufe vidogo na kuburuta masafa kwa kidole ni bahati nasibu, tumia lepu na hedifoni. Kama bando linakubana kuna chaguo la "blind", linaondoa ile picha ya mawimbi unabaki na sauti. Kurekodi kupo, bonyeza start, ukimaliza unapakua, mi ndo nilivyokuwa narudia kolsaini mpaka masikio yakazoea. Na unasikiliza kupitia masikio ya Uholanzi, wa Arusha anayeongea na wa Mombasa usitegemee kumpata kirahisi. Kuongea huwezi, hiyo ni mpaka leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Bongo au CA kwa Kenya, na redio yako mwenyewe.

Ah na 14.074 MHz pitia mbali, kuna vimlio vya FT8 mfululizo, kompyuta na kompyuta zinabadilishana kolsaini kila sekunde 15 toka 2017, hakuna hata OM wa kukusalimia. Nyota 4.5, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya vile vitufe.