TAHADHARI: Wakala wa "usajili wa Uingereza" wa njia ya Mlandege

Assalaam alaykum jamani. Wauguzi, wakunga, watu wa maabara, na nyie wazee mnaowatafutia watoto wenu njia ya Ulaya: yupo bwana ana ofisi ghorofani, njia ya Mlandege hapa Unguja mjini, anauza usajili wa kufanya kazi Uingereza. Msimpe hata senti. Katula shilingi 3,200,000, na pesa yenyewe mnajua imetoka wapi, karafuu za baba na bangili za mama.

Kabla hamjanicheka, sikilizeni. Siku ile mie na mdogo wangu, yeye muuguzi, tulimkuta anamfukuza kijana mmoja. Kijana kashika bahasha ya pesa mkononi, anabembeleza, na yeye anamwambia, "Mwanangu, huna diploma. Pesa yako siitaki, usinitie dhambini." Sasa nani angemshuku mtu anayekataa pesa? (Leo naapa yule kijana ni wake.) Akatukaribisha, akatuagizia chai, akasema kwao Ole, Pemba, akamtaja na mjomba wetu kwa jina lake la utani. Kisha akaanza somo. Uingereza, anasema, jina la kazi linalindwa na sheria. Huamki tu ukajiita mfiziotherapia au paramediki; lazima uwemo kwenye daftari la HCPC, baraza la huko la kusajili fani za afya, la sivyo unashitakiwa. Na hilo ni kweli tupu! Mdogo wangu alikuwa analijua, akawa anaitikia kwa kichwa. Ndipo tulipolainika.

Tukalipa. Cheti cha HCPC kilipokuja, wallahi hata nyie mngekipokea kwa mikono miwili. Karatasi nzito, nembo ya buluu, ukikinyanyua dirishani unaona maandishi ya ndani kama ya noti. Jina la mdogo wangu halina kosa hata la herufi, na majina yetu mnajua yanavyoharibiwa hata kwenye kadi za harusi. Mama akakibusu. Tukapiga picha, tukaweka status, nanyi mkamiminika na hongera zenu. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko pesa.

Binti wa jirani yetu, muuguzi aliyeko Leicester, akaiona ile picha. Akapiga usiku ule ule: "Dada, futa. Wauguzi hawasajiliwi na HCPC." Kumbe wauguzi na wakunga wana baraza lao, NMC. HCPC ni ya fani nyengine 15: fiziotherapia, radiografia, maabara, lishe na wenzao. Hata maafisa ustawi wa jamii wa England walishapewa chombo chao, Social Work England, tangu 2019. Tukaiingiza ile namba ya cheti kwenye daftari la HCPC mtandaoni, bure, mtu yeyote anaruhusiwa. Likatoka jina la mtu mwengine kabisa, mfiziotherapia! Mtoto wa watu angetua kule nacho, yeye ndiye angeshikwa kwa kughushi, na huyu mlaanifu yuko Forodhani anakula urojo.

Mengine tumeyajua baadaye. NMC wanataka uthibitishe Kiingereza chako, kisha ufanye mtihani wa fani kwenye kompyuta, na wa vitendo unaofanyiwa hukohuko Uingereza. Hakuna wakala wa kukukalia mtihani. Na kanuni za serikali yao zinakataza kuja kusaka wahudumu wa afya Tanzania, maana tumo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa. Mtu akitaka anaomba mwenyewe. Kwa hiyo anayekujia na "nafasi za hospitali" mfukoni, hapo hapo inuka. Anayekuuzia viza ya kulea wazee naye vilevile, waliifunga kwa waombaji wapya wa nje Julai 2025.

Huyu kifungo hakimtoshi. Atembezwe Darajani mchana kweupe, cheti kile kimening'inia shingoni, arejeshe kila shilingi, ndipo apelekwe jela ya Kilimani. Simu hapokei, ofisi kaitia kufuli, na mwenye nyumba naye anamdai kodi. Nasikia kashahamia Chake anaendelea na kazi yake.

Polisi tumeshafika, wanataka walalamikaji zaidi. Mwenye risiti yake, ile ya kitabu cha kijani yenye muhuri wa duara, asiichane, aniandikie inbox. Na wewe uliyetupeleka kwake ukala kamisheni, unajijua. Mama anakusubiri nyumbani.