Nimemkodia babu Morris Minor ya 1957 siku nzima, tukavuka pantoni mpaka Gezaulole: mrejesho wangu

Wengi wanaoulizia haya magari ya kale hapa Dar wanayataka kwa ajili ya harusi, maua mbele, bibi harusi nyuma, kilomita mbili mpaka ukumbini basi. Mimi nilimkodia babu yangu mzaa mama, katimiza miaka 90 mwezi uliopita, na sikutaka ukumbi nilitaka safari, kwa hiyo huu mrejesho ni wa mtu aliyekaa ndani ya hiyo gari kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Jamaa wenyewe wapo Mikocheni barabara ya ndani, hawana kibao nje, ni geti la bluu tu, ukiingia unakuta magari manne ya zamani yamefunikwa maturubai. Bei laki tatu na nusu kwa siku, dereva humo humo, mafuta juu yako, na unaweka laki moja ya dhamana. Ni hela nyingi sifichi, tulichanga wajukuu watano.

Kwa nini Morris. Babu alienda Uingereza 1957 kusomea ualimu Manchester, Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza, na baba wa rafiki yake mmoja wa chuoni alikuwa na Morris Minor, basi kila likizo walikuwa wanaiazima wanazunguka nayo. Kule wakati huo hakukuwa na motorwei hata moja, yaani zile barabara pana za magari ya kasi zinazokwepa miji, barabara kubwa ndio hizo hizo za A, A1 ya kutoka London mpaka Edinburgh, A5 ya London mpaka Holyhead ambayo kipande chake kirefu walichonga Warumi, A6 inayopita Manchester kwenda juu mpaka Carlisle, na zote zilikuwa bado zinapita katikati ya miji mingi, yaani mbele ya kanisa, mbele ya soko, mbele ya shule watoto wanatoka. Nimekua na hizo hadithi mpaka hizo namba nazijua kwa kichwa.

Sasa gari yenyewe. Ni ya milango miwili, kijani iliyopauka, injini ya cc 948, ile waliyoanza kuiweka 1956 walipoiita Morris 1000 na kioo cha mbele kikawa kimoja badala ya viwili vyenye nguzo katikati. Aliyeichora ni Alec Issigonis, huyo huyo aliyekuja kuchora Mini. Ilionyeshwa mara ya kwanza London 1948 na ndiyo gari ya kwanza ya Kiingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo tusishangae mpaka leo spea zinapatikana, dereva ananiambia wanaagiza huko huko kwao zinafika kwa wiki tatu hivi.

Walichelewa dakika arobaini kutuletea nyumbani, na simu ya kusema tumechelewa nilipiga mimi, hilo nawaambia wazi warekebishe maana mzee wa miaka 90 alishakaa kibarazani na koti lake toka saa mbili. Lakini ilipofika nikasahau. Dereva akashuka, kijana wa miaka thelathini hivi, shikamoo mzee, marahaba, akamfungulia mlango, akazunguka akageuza swichi, na kule kwenye boneti ikaanza tik tik tik tik tik, ni pampu ya mafuta ya umeme inajaza kabureta. Babu alikuwa mguu mmoja ndani mmoja nje. Akasimama. Akasema ngoja kwanza, tukangoja wote, ile sauti ikapungua pole pole ikanyamaza, ndio akaingia. Sijawahi kumuona babu hivyo.

Uendeshaji wa dereva nampa kumi kwa kumi. Gia ya kwanza ya hizi gari haina sinkro, inabidi usimame kabisa ndio uiingize la sivyo inasaga, na kwenye foleni za Dar wote tunajua tunasogea kwa kunyata, lakini siku nzima sikusikia imesaga hata mara moja. Halafu indiketa. Jamani hii gari haina zile taa za kuwaka na kuzima, ina mshale mdogo wa rangi ya chungwa unachomoka pembeni kwenye nguzo ya mlango, unakaa kama mkono wa mtoto anayeomba ruhusa darasani, kisha unarudi. Bodaboda hawauelewi hata kidogo, kwa hiyo dereva kila akikata kona anatoa na mkono wake nje, na babu upande wa pili anatoa wa kwake. AC hakuna, unafungua kile kidirisha cha pembe tatu unakigeuza upepo unakupiga usoni, kinatosha ukiwa unatembea, ukisimama ni joto kweli kweli. Mikanda hakuna, kwa hiyo msibebe watoto, hilo nasisitiza.

Tulipofika Oysterbay dereva akauliza tupite Daraja la Tanzanite, babu akasema hapana baba, pita Selander. Tukapita Selander, tukashika barabara ya Ocean Road mpaka Feri, na hapo foleni ya pantoni ikatukamata kama dakika hamsini. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Dereva akazima injini, akasema tutakuwa tunasukuma, na kweli kila foleni ikisogea anashuka anasukuma, vijana wa karanga na maji ya kandoro wakaweka ndoo zao chini wakaja kusaidia, babu ndani ameshika usukani. Kwa wengine hii ingekuwa sababu ya kulalamika lakini mimi naona dereva alifanya akili, angeiacha inaunguruma pale tungechemsha rejeta na safari ingeishia sokoni kwa samaki.

Na ndani ya pantoni ndio babu alifunguka. Akasema hii ndiyo Aust. Aust ni upande wa Uingereza wa mto Severn, ng'ambo ni Beachley halafu unaingia Wales, na kabla ya daraja kufunguliwa Septemba 1966 kwa barabara ulikuwa na njia mbili, uzunguke mpaka Gloucester ambayo ni mbali, au upange foleni ya feri ndogo iliyokuwa inabeba kama magari 17 tu, tena kwa kutegemea maji, bamvua likizidi haiendi, maji yakipwa sana haiendi. Kwenye sitaha palikuwa na sahani kubwa ya chuma ya kuzunguka, gari ikipanda wanaigeuza kwa mikono ipate kukaa sawa. Babu na rafiki yake walishawahi kungoja hapo zaidi ya saa tatu, wakatoa blanketi na flaski ya chai wakakaa kwenye majani na familia wasiowajua, maana Waingereza wakati ule safari ilikuwa na kapu, jiko la mafuta ya taa, na viti vya kukunja, wanasimama popote pembeni ya barabara wanachemsha chai magari yanapita. Alikuwa anaongea huku anaangalia baiskeli na wamama wa mboga wamejaa kuzunguka gari wanachungulia ndani, na akawa anawajibu salamu mmoja mmoja mpaka tukafika Kigamboni.

Mbele ya Mjimwema trafiki akatupiga mkono. Nikajua yameisha, kumbe ule mshale ndio aliuona kwa mbali hakuelewa ni nini. Dereva akamchomolea tena, trafiki akacheka, akaangalia leseni na bima, kila kitu kipo sawa (jamaa wa Mikocheni wako vizuri kwenye karatasi, hilo ni muhimu), akamuona babu akavua kofia akamwamkia. Tulipoondoka babu akakaa kimya kidogo kisha akanisimulia kitu ambacho miaka yote hajawahi kunisimulia.

Kule kulikuwa na chama cha wenye magari, AA, kimeanzishwa 1905, na mwanachama anabandika beji mbele ya gari yake. Barabarani kulikuwa na watu wao wa doria, wana pikipiki zenye kikapu cha pembeni kimejaa spana, yunifomu, buti zinang'aa, na vibanda vya simu vyeusi na njano ambavyo mwanachama anapewa ufunguo wake. Yule wa doria akiona beji anapiga saluti. Asili yake ni polisi wa spidi, asipopiga saluti ujue mbele kuna mtego, kama sisi tunavyowashiana taa tochi ikiwepo mbele. Sasa mzee wa yule rafiki alikuwa mwanachama. "Mke wangu," babu akaniambia, "nimetoka kwetu ambako mimi ndio nilikuwa nasimama mzungu akipita. Halafu siku ya kwanza tu kwenye A6, mzungu na yunifomu yake amesimama kwenye mvua, ananipigia saluti." Najua alikuwa anaisalimia beji, babu naye anajua. Lakini anakumbuka mpaka maji yalivyokuwa yanatiririka kwenye kofia ya yule mtu.

Chakula tulikula Gezaulole, kibanda cha mama mmoja, babu akaagiza chipsi mayai na chai. Alikuwa na sababu yake. Kwenye hizo barabara za A madereva wa malori walikuwa na migahawa yao, vikombe vikubwa vya chai, mayai, chipsi, mkate, beikoni babu anamsogezea rafiki yake, na hasa kabla ya kupanda Shap. Shap ndiyo Kitonga yao, A6 inapanda juu kule kaskazini mpaka zaidi ya mita 400, malori yanapanda gia ya chini kabisa, na theluji ikianguka mnafungiwa hapo hapo mgahawani mpaka kesho. Akasema usiku ulikuwa unaongozwa na macho ya paka, vile vioo alivyobuni Mwingereza Percy Shaw, katikati ya barabara vinavyowaka ukivimulika, vimekaa kwenye raba, tairi likipita raba inavifuta kama kope. Mama wa kibanda alisikiliza yote haya amesimama na mwiko mkononi, akaongeza chai bure.

Nikamuuliza babu motorwei ya kwanza aliiona? Akasema aliipita. Ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 1958, ya kukwepa mji wa Preston, Waziri Mkuu Macmillan mwenyewe alikuja kuifungua, kama kilomita 13 tu, na Krismasi ile ile wao wakapita nayo. Preston alikuwa anaipita miezi yote ile, anajua duka la samaki, anajua saa ya mnara, foleni yake ilikuwa mbaya sana likizo watu wakienda Blackpool. Siku hiyo wakatumia kama dakika nane. Rafiki yake alikuwa anashangilia. Babu akawa anageuka nyuma anatafuta ule mnara, haupo. Januari baridi ikaiharibu lami wakaifunga baada ya siku 46, kisha wakaifungua tena, 1959 ikaja M1, na babu akarudi nyumbani mwaka uliofuata.

Mimi nimefanya kazi ya usafirishaji miaka minne, najua barabara ya kukwepa mji inaokoa roho za watu na dizeli, na siombi malori yarudi kupita mbele ya shule. Ila pale kibandani nilielewa babu anakumbuka nini, kwa sababu toka asubuhi kwa ile spidi yetu ya kilomita hamsini tulikuwa tumeshasalimiana na watu labda mia moja. Nikipita huko huko na gari yangu huwa sisalimiani na mtu.

Kurudi tukapita daraja la Kigamboni maana giza lilikuwa linakaribia na taa za Morris ni hafifu. Tukalipia, tukavuka, tukatokea Kurasini. Babu alikuwa amelala.

Dhamana yangu walirudisha siku ya tatu baada ya kuwakumbusha mara mbili, walisema ingerudi kesho yake. Kwa hilo na ule ucheleweshaji nawapa nyota nne. Buti ni dogo, kigari cha kukunja cha babu kiliingia kwa taabu. Kiti cha mbele kina springi kweli kweli, mwenye mgongo abebe mto. Dereva ombeni huyo huyo mwembamba, wenyewe watajua.

Babu ameshauliza Morogoro. Dereva kasema klachi haiwezi bado, kuna kifaa kipo njiani kinakuja, nimpigie mwisho wa mwezi wa tatu.