Usiku mmoja juu ya Atlantiki: premiamu ekonomi na mlo usio na gluteni

Anayekula mlo maalumu akikata tiketi ya premiamu ekonomi, daraja lililo kati ya ekonomi na bizinesi, ajue mapema kwamba nyongeza aliyolipa inaishia kwenye kiti. Chakula kitakachomfikia, mara nyingi, ni kile kile wanacholetewa wenzake wa ekonomi. Hivi karibuni nimevuka Atlantiki usiku kutoka JFK, New York, hadi Heathrow, London, na pamoja na hayo yote naona pesa yangu haikwenda bure. Naandika kwa ajili ya wenye hali kama yangu: nina siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni, protini iliyomo kwenye baadhi ya nafaka, kwa hiyo ngano, shayiri na rai siziwezi kabisa. Makombo ya mkate yakigusa chakula changu, naumwa.

Usiku wenyewe una hesabu yake. Ndege iliondoka saa tatu usiku ikatua saa tatu asubuhi. Ukitazama tiketi utadhani una usiku mzima wa saa kumi na mbili, kumbe safari ni ya saa saba. Tano zilizobaki zimemezwa na tofauti ya saa kati ya miji hiyo miwili. Ukielekea mashariki, ndege husukumwa na ule mkondo wa upepo mkali ulio juu ya Atlantiki ya Kaskazini, ndiyo maana safari ya upande huo ni fupi kuliko ya kurudi kwa takribani saa moja. Wengi hufurahia kufika mapema. Anayetaka kulala, hiyo ni hasara. Toa saa nzima ya kupaa na kusubiri toroli, toa muda wa kula na kuondolewa trei, toa saa moja na nusu ya mwisho wanapowasha taa kwa kifungua kinywa. Unabaki na saa tatu, ukijaliwa tatu na nusu. Mambo mengine yote ya safari hii nayapima kwa hizo saa tatu.

Kiti kilinisaidia kuzipata. Tulikuwa kwenye Boeing 787, viti vimepangwa viwili, vitatu, viwili, badala ya tatu tatu tatu za ekonomi. Nafasi kati ya safu na safu ni kama inchi 38, wakati nyuma huko ni 31 au hapo karibu, na upana unaongezeka kwa inchi moja na ushei. Ukisoma tarakimu hizo unaweza kuona ni kidogo. Ukikaa, tofauti iko mabegani na magotini: sikugusana na jirani usiku kucha, na wa mbele yangu alipolaza kiti chake niliendelea kuweza kutoka bila kumwamsha mtu. Kuna kiegemeo cha mashavu ya miguu kinachoinuka kwa kitufe, na kingine cha kukanyagia. Kile cha mashavu hakinifai, kinaishia katikati ya mguu na kuukata. Nilikishusha, nikakunja blanketi chini ya magoti, nikastarehe. Hiki hakiwi kitanda hata ukilaza vipi. Unalala umeegama. Lakini unalala.

Safu ya kwanza niliikwepa kwa makusudi. Miguu inapata uwanja, ndiyo, ila meza imefichwa ndani ya kiegemeo cha mkono, hivyo kiegemeo hakiinuki na kiti kinabana kidogo; mkoba lazima uwekwe juu wakati wa kupaa; na vitanda vya watoto wachanga hufungwa kwenye ukuta huo huo. Nilichagua safu ya pili, dirishani.

Sasa chakula. Mlo usio na gluteni una alama yake, GFML, inayotumika na mashirika ya ndege duniani kote, kama vile VGML ni wa wasiokula chochote cha mnyama na DBML ni wa wenye kisukari. Mashirika mengi hutaka uagize angalau saa 24 kabla ya kuondoka, na mlo wa kosher, unaofuata sheria za Kiyahudi, huhitaji muda zaidi. Kuagiza peke yake hakutoshi. Kama tiketi umeuziwa na shirika moja na ndege ni ya jingine, ombi linaweza kubaki kwa muuzaji lisifike kwa mwenye ndege. Piga simu kwa mwenye ndege, mwambie akusomee hiyo alama kwenye tiketi yako, na aisome kwa safari hiyo hasa. Ukibadilishiwa ndege au tarehe, rudia tena. Kaunta ya uwanjani niliuliza, mlangoni nikauliza, na nilipoketi nikamwambia mhudumu jina na namba ya kiti. Sioni haya kuuliza mara tatu, kwa sababu huko juu hakuna duka la kukimbilia.

Kama saa moja baada ya kupaa mhudumu alikuja mikononi ana trei moja, toroli bado iko nyuma ya pazia. Akasoma stika, akaniuliza jina, akaiweka. Majirani zangu wa premiamu walikuwa na karatasi ya menyu, wakachagua nyama ya ng'ombe au tambi, ikaja kwenye sahani za udongo na visu vya chuma. Mimi nilipata visu vile vile, ila chakula kilikuwa kwenye kibakuli cha foili chenye stika ya GFML: kifua cha kuku, wali, maharage mabichi, basi. Hakuna mchuzi wala kiungo cha kutajwa. Majiko haya mara nyingi hupika mlo mmoja mpole ili uwafae wenye masharti mengi kwa pamoja, na anayelipa gharama ya upole huo ni ulimi. Pembeni palikuwa na kimkate kilichobanwa ndani ya plastiki. Nilipokifungua kilipasuka vipande viwili, kikavu katikati, baridi kama kilivyotoka kwenye friji. Badala ya keki ya chokoleti ya jirani nilipewa matikiti na zabibu, na hayo nilikula yote.

Si majiko peke yake ya kulaumiwa. Hewa ndani ya ndege ni kavu mno na shinikizo lake ni la mlimani: kwenye 787 ni kama uko mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye ndege nyingi za zamani hufika 2,400. Lufthansa na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani waliwahi kuwalisha watu ndani ya kipande cha ndege kilichopunguzwa shinikizo, wakakuta ladha ya chumvi na ya sukari hufifia, huku juisi ya nyanya ikizidi kupendwa. Kwa hiyo naomba juisi ya nyanya pamoja na kuku wangu, tena tupu, bila sosi ya Worcestershire, maana ziko zinazotengenezwa kwa siki ya shayiri. Inaleta ule utamu mzito ambao mlo mkavu umeukosa. Pakiti ya mafuta ya zeituni iliyokuja na saladi niliimwaga kwenye wali. Chakula kikapanda.

Hapa ndipo mlo maalumu uliponilipa. Nilimaliza kula toroli haijafika safu yangu. Nikamwomba mhudumu aichukue trei, akakubali bila kinyongo, nikalaza kiti, nikavaa kizuia macho, mkanda nikaufunga juu ya blanketi ili asiniamshe mtu kukagua ndege ikitikisika. Wenzangu walikuwa bado wanasubiri kahawa. Nusu saa, pengine zaidi, katika usiku wa saa tatu ni mali nyingi.

Kifungua kinywa kiliharibika. Taa ziliwaka, London ni saa moja na nusu asubuhi, mwili wangu uko saa nane na nusu usiku ya New York, na kilicholetwa ni kroasanti na kikombe cha mtindi wenye nafaka. Nikaonyesha stika ya jana yake. Mhudumu alirudi jikoni, akatafuta kwa dhati, akaja na jibu kwamba ulipakiwa mlo mmoja tu kwa kiti changu. Akanipa ndizi mbili kutoka bizinesi na akaomba radhi vizuri. Simlaumu yeye. Shirika lake nalilaumu, kwa sababu mlo wa pili wa safari ni sehemu ya oda, na mgonjwa wa kisukari angefanyiwa hivyo ingekuwa hatari kabisa. Nimewaandikia malalamiko, namba ya kiti na picha ya kroasanti vimo.

Kuhusu bei, usinunue premiamu kwenda na kurudi bila kufikiri. Safari nyingi za London kwenda New York ni za mchana, unatazama filamu na kutembea kwenye ujia, ekonomi inatosha. Tena Uingereza hutoza kodi ya abiria wanaoondoka nchini humo, na kiwango cha anayeketi daraja lolote juu ya lile la chini kabisa ni kikubwa kuliko cha ekonomi. Mimi nililipia premiamu ya usiku, mchana nikarudi ekonomi, na ndivyo nitakavyokata tena. Kwenye mkoba wangu safari hiyo kutakuwa na keki za mchele, karanga na kopo la samaki la kufungua kwa kidole. Jirani wa kiti cha kando anisamehe kwa harufu.