Maua ya nyumba ya wageni Dar: yapi yanavumilia maji ya kisima na mwenye nyumba asiyekuwepo

Karibuni tena watazamaji wangu. Leo nimeipanga miche hapa kibarazani muione yote kwa pamoja: bogenvilia, vinka, taji la miiba, adeniamu, franjipani, iksora, hibiskasi na asumini. Yote ni maua ya kudumu, hupandi upya kila msimu. Nataka tuyachambue kwa niaba ya mtu mmoja: mwenye nyumba ya kupangisha wageni wa siku mbili tatu. Nyumba iko Kigamboni, Kunduchi au Mbezi Beach. Yeye mwenyewe anaishi Tabata, au yuko Mwanza kabisa, na pale nyumbani kuna mlinzi na dada wa usafi anayekuja mgeni akiondoka. Kama wewe unaishi na bustani yako na unaimwagilia kila jioni, baadhi ya maua nitakayoyakataa leo kwako yatakuwa mazuri tu.

Kabla ya maua, tuzungumze maji. Nyumba nyingi za ukanda huu zinategemea kisima, na kisima kikiwa karibu na bahari maji yake yana chumvi. Unayajua ukioga, sabuni inakataa kutoa povu. Sasa ua likinyweshwa maji hayo kuanzia Juni hadi Septemba, wakati mvua ni chache, maji yanakauka na chumvi inabaki kwenye udongo. Sogeza kamera hapa muone hili jani la hibiskasi. Ncha imeungua, ukahawia umeanzia nchani ukatambaa pembezoni, katikati bado kijani. Wengi wakiona hivi wanasema ua limekosa maji, wanafungua tena bomba la kisima kilekile, chumvi inazidi. Na hapa chini, nikikwangua udongo kwa kucha, mnaona huu utando mweupe? Ndiyo yenyewe. Dawa yake ni maji mengi baridi, yasiyo na chumvi, yaoshe udongo, yaani mvua ya masika, au maji ya bomba ya DAWASA siku yanapotoka, au ununue boza. Mwenye nyumba aliye mbali hawezi kuisimamia kazi hiyo, kwa hiyo ni bora achague tangu mwanzo ua linaloivumilia hali ilivyo.

Haya, namba moja kwangu ni bogenvilia, na sioni ua linaloikaribia. Hizi rangi mnazoziona, zambarau, nyekundu, chungwa, siyo maua. Ni majani yaliyobadilika rangi, matatu matatu, na ua lenyewe ni hiki kijimrija cheupe hapa katikati. Kwa mwenye nyumba jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu jani halinyauki upesi kama ua. Rangi inakaa wiki nyingi, na mgeni anayekuja mwisho wa mwezi anaikuta kama aliyekuja mwanzoni. Halafu inapenda shida. Ikishashika mizizi, ukiimwagilia sana inakupa majani ya kijani matupu na matawi marefu, lakini ukiinyima maji kidogo inachanua. Upepo wa bahari inauvumilia, mchanga inauvumilia. Inachodai ni jua, saa sita kwa siku au zaidi, kwa hiyo usiipande chini ya mwembe ukategemea maajabu.

Kasoro yake ni miiba. Ipande kwenye uzio au ukuta wa nyuma, mbali na bwawa la kuogelea na mbali na njia ambayo watoto wanapita na nguo za kuogelea. Na ikimaliza kuchanua ipunguzwe, kwa sababu rangi inatoka kwenye matawi mapya. Mtafute fundi wa bustani aje mara chache kwa mwaka na mkasi na glavu za ngozi, inatosha. Tisa kwa kumi.

Namba mbili, vinka. Wengi mnaijua kwa sura hata kama jina hamjui, maua ya pinki au meupe yenye jicho katikati, linaota lenyewe kwenye nyufa za saruji. Asili yake ni Madagaska. Naipenda kwa sababu inachanua karibu mwaka mzima kwenye mchanga mtupu, na mche ukizeeka ukawa mrefu na mtupu chini, mbegu zake zimeshaanguka na vitoto vimeota pembeni. Dada wa usafi anang'oa mzee, anaacha vitoto, bustani inaendelea. Adui yake ni maji yaliyotuama. Masika yakikuta umeipanda kwenye bonde la uwanja, mizizi inaoza na mche unalala siku moja tu. Ipandie kwenye tuta.

Jambo moja kuhusu vinka nalisisitiza. Kuna watu wanatafuna majani yake au kuyachemsha wakisema ni dawa ya kisukari. Ni kweli mmea huu ndio uliotupa vinkristini na vinblastini, dawa za saratani zinazotolewa hospitalini, lakini dawa hizo zinapimwa kwa uangalifu mkubwa, na mmea wenyewe ukiliwa ni sumu. Mwambie mlinzi, mwambie na dada.

Taji la miiba nitalipitia haraka. Linachanua mwaka mzima likiwa na jua, linahifadhi maji shinani, ukilisahau linaendelea. Tatizo ni miiba shina zima, na utomvu mweupe unaowasha ngozi na ukiingia jichoni ni balaa. Kama nyumba yako inapokea familia zenye watoto wadogo, liache. Kama wageni wako ni watu wazima wa semina na harusi, liweke chini ya madirisha ya nyuma, na hata mwizi atafikiria mara mbili.

Adeniamu, hili lenye kitako kinene na maua ya pinki. Hili ni la kwetu, linaota porini Afrika Mashariki, na utomvu wake ulitumika tangu zamani kwenye mishale ya sumu. Kwa uzuri wa picha hakuna linalolishinda, na kwa kiangazi vilevile. Lakini mvua za Machi hadi Mei zinaliozesha kitako kama liko kwenye udongo unaoshika maji. Bonyeza hapa kwa kidole: kitako kigumu ni kizima, kikibonyea kama nyanya iliyoiva limeshaoza ndani, usilinunue hata ukipunguziwa bei. Lipande kwenye chungu kikubwa chenye matundu, mchanga mwingi na kokoto.

Na hapo kwenye vyungu nisimame kidogo. Visahani vile vya chini ya vyungu, vitoe vyote. Dar ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na mwingine 2019, na mbu wake anazaliana kwenye maji machache yaliyosimama, kisahani kimoja kinamtosha. Nyumba ikikaa wiki nzima bila mgeni, hakuna wa kuyamwaga maji hayo. Mtu amesafiri kuja kupumzika baharini, usimlaze na homa.

Franjipani sasa. Huu ni mti, siyo kichaka, na ndio ninaowaambia watu wapande mmoja karibu na kibaraza cha kukaa jioni. Harufu yake inazidi usiku, saa ambazo mgeni ametoka ufukweni, ameoga, amekaa nje. Kuna wenye maua mekundu au ya njano unaopukutisha majani kiangazi na kubaki matawi matupu, na kuna wenye maua meupe na majani ya ncha ya duara unaobaki na majani karibu mwaka mzima. Kwa nyumba ya wageni chukua huu wa pili, kwa sababu matawi matupu kwenye picha za Agosti yanaonekana kama mti umekufa. Na huna haja ya kununua mche. Omba tawi kwa jirani, liache kivulini wiki moja au zaidi mpaka pale lilipokatwa pakauke, halafu lichomeke ardhini. Ukilipanda bichi linaoza.

Iksora siipendekezi, na inaniuma kwa sababu ni nzuri. Inataka udongo wenye asidi kidogo. Sehemu nyingi za pwani yetu ukichimba unakutana na matumbawe, na udongo wa matumbawe una chokaa. Iksora inashindwa kupata madini ya chuma, majani yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani. Hata hapo ukutani mafundi walipomwaga saruji na lipu hali ni hiyohiyo. Ukiwa karibu nayo unaweza kuihudumia. Ukiwa Mwanza, hapana.

Hibiskasi nayo hapana. Ua lake linaishi siku moja, linataka maji, na vidung'ata wanaipenda kupita kiasi. Geuza jani hivi: huu weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani ndio wenyewe, na kutoka hapa watahamia mche wa jirani.

Asumini inadai maji na mkono wa mtu, kwa vigezo vyangu ingefeli. Lakini sisi watu wa pwani nyumba bila asumini haijakamilika, na mgeni anayekuta vikuba, vile vishada vidogo vya asumini, kitandani siku ya kwanza atakusifia kwa watu. Weka chungu kimoja tu, karibu na mlango wa jikoni ambapo dada wa usafi anapita, na kipate maji baridi. Kimoja, siyo uwanja mzima.

Kuna mche ambao sikuuleta hapa kwa makusudi: oleanda. Vitaluni watakusifia kwamba haufi, na kweli haufi, chumvi haiushtui. Lakini kila sehemu yake ni sumu kali, hata majani yakishakauka. Nyumba inayopokea watoto usiowajua, usiupande.

Sasa mkienda kununua. Mche wa kitaluni umelelewa chini ya neti, umenyweshwa asubuhi na jioni, uko kwenye udongo mweusi wenye samadi. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye jua la Kigamboni unapukutisha majani wiki ya kwanza. Chagua ule uliokuwa umesimama juani. Inua kiriba, ule mfuko wa mche, utazame chini: mizizi ikiwa imetoboa na kuingia ardhini, muuzaji ataukata ili uuchukue, na utaondoka na mche mkubwa wenye mizizi iliyopungua. Mche wa wastani ni bora kuliko mkubwa. Bogenvilia inunue ikiwa na rangi yake uione, na wakati wa kupanda chana kiriba taratibu, usiupukute udongo, mizizi yake inakatika kirahisi.

Panda mvua zinapoanza, Machi au Novemba, ili mbingu imsaidie mlinzi. Funika udongo kwa makumbi ya nazi, wauza madafu wanayatupa kila siku, yaombe. Yakatekate, au yalaze yakiwa yametazama chini, yasishike maji ya mvua. Halafu mpe mlinzi maelekezo haya: mvua ikikatika, mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo, maji mengi kwa mkupuo kuliko kidogo kila siku. Baada ya hapo bogenvilia asiiguse tena, mpaka aone majani yamenyong'onyea na jua limeshazama bado hayajainuka.