Siku sita bonde la Loire, Ufaransa, na mama mwenye goti bovu (uzoefu wangu)

Nianze na pesa maana najua ndo mnachotaka kusikia kwanza. Tulilipa kama euro 1,400 kwa kichwa, siku sita kulala mara tano, humo kuna hoteli na chai ya asubuhi, tiketi za majumba yote ya zamani ya wafalme, gari na dereva, chakula cha usiku mara tatu tu, mchana kila mtu na mfuko wake. Treni ya kutoka Rotterdam mpaka Ufaransa haimo. Jina la kampuni siliweki kwa sababu kuna mawili matatu ntayasema huko chini na sitaki maneno na watu.

Ziara ya namna hii niliitafuta kwa ajili ya mama. Alikuja kutoka Tanga kukaa na mie miezi miwili, ana miaka 68, goti la kulia limeshachoka, na kitu asichokipenda duniani ni kukimbizwa. Alipokuja mara ya kwanza nilimpeleka Paris na basi la kwenda na kurudi siku hiyohiyo, tukashushwa tukapakiwa kama magunia, jioni akaniambia mwanangu Paris yenyewe sijaiona, nimeona mgongo wa yule mama aliyekuwa mbele yangu. Kwa hiyo safari hii nikatafuta ya polepole, majumba mawili kwa siku ndo mwisho, watu wachache. Tulikuwa wanane kwenye gari kama haisi hivi lakini ya kistaarabu, na wengi walikuwa rika la mama, mie ndo nilikuwa mtoto mule ndani.

Kufika si shida ila msidanganyike na ramani ya simu. Ukishuka stesheni ya Gare du Nord, treni ya kwenda mji wa Tours unaipandia stesheni ya Montparnasse, ni upande mwingine wa Paris, metro namba 4 inaunganisha bila kubadilisha lakini ngazi zake zinaua, kama una mzee chukua teksi tu uumie mfukoni usiumie roho. Kutoka hapo treni ya kasi ni kama saa moja mpaka Saint-Pierre-des-Corps, ndo pale pale jirani ya Tours, gari letu lilikuwa linatusubiri nje.

Sasa hoteli. Kwenye fomu niliandika kabisa, mama ana shida ya goti tunaomba chumba cha chini au hoteli yenye lifti, wakajibu sawa hakuna shida. Tumefika, jumba la zamani zuri kwelikweli, ghorofa ya tatu, lifti hakuna, ngazi za mbao zinazozunguka kama konokono. Mama alizihesabu, arobaini na saba, akawa anazitaja mojamoja kama anavuta tasbihi, akifika juu anakaa kitandani hata ushungi hajavua. Nilipiga kelele mapokezi kwa Kiingereza changu chote, kesho yake wakatuhamishia chumba cha chini jirani na jiko, tukalala na harufu ya vitunguu siku zilizobaki, heri hiyo.

Na usiku huohuo wa kwanza mgahawa walioupanga wao ukatuletea saladi ina vinyama vya kukaanga juu, nikauliza hii nini, nguruwe. Kwenye fomu pia nilishaandika hatuli. Wenyewe watu wa Tours nguruwe ndo sifa yao, wana ile rillettes ya kupaka kwenye mkate, hata hawawazi kama kuna mtu hali. Mwongozaji aliomba radhi mpaka akawa mwekundu, na toka siku hiyo kila tulipokula alitangulia yeye jikoni kuuliza, hapo nampa maua yake. Mama akaangukia jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure, ndefu kama muhogo mwembamba, nje imepakwa majivu, mara ya kwanza alipokata akakuta bua kavu katikati akalivuta akanionyesha, uchafu huu. Sio uchafu, wanaliweka makusudi jibini isikatike, na ukiliangalia karibu limechongwa alama za mtengenezaji. Akalifuta akalitia kwenye pochi.

Majumba sasa. Chambord ntapita haraka kwa sababu kila mtu anaipiga picha. Mfalme François wa kwanza aliianza 1519, meko ya kuotea moto 282, na ukijumlisha siku zote alizolala pale katika utawala wa miaka 32 haifiki miezi mitatu. Ilikuwa mwanzo wa Oktoba, baridi ya mawe inapanda miguuni, mama anauliza meko yote hayo hakuna hata moja wanaloliwasha kwa ajili ya wageni? Kitu cha kuona pale ni ngazi ya katikati, ni ngazi mbili zimejisokota pamoja, anayepanda na anayeshuka wanaonana kwenye vidirisha ila hawakutani. Mama alikaa chini kwenye benchi, mie nikapanda huku nikashuka kule, kila nikitokea kidirishani ananipungia.

Chenonceau ndo iliyomteka. Jumba limekaa juu ya mto Cher, juu yenyewe, lina ukumbi wa mita 60 uliosimama kwenye matao kama daraja. Kisa chake mwongozaji anakisimulia mie namtafsiria mama kwa sauti ya chini: mfalme Henri wa pili alimpa jumba hili Diane de Poitiers, hawara yake, tena kamzidi umri karibu miaka 20, na mke wa ndoa Catherine de Medici yupo anaona kwa macho yake. Diane akajenga daraja la kuvukia mto. 1559 mfalme kafa, kwenye michezo ya farasi kipande cha mkuki kilimwingia jichoni, Catherine hakungoja, akamtoa Diane akampa jumba jingine la Chaumont, halafu juu ya daraja lilelile la mwenzie akapandisha ule ukumbi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaguna, akasema kwa sauti ya watu wote, "Kumbe hii ni nyumba ndogo!" Nilicheka mpaka mwongozaji akaja kuuliza kuna nini, sasa Mfaransa utamweleza vipi nyumba ndogo ya mita 60 juu ya maji, nikajaribu hivohivo, akaelewa, alicheka mpaka akashika ukuta.

Huko juu kuna chumba cha Louise de Lorraine, huyu mumewe Henri wa tatu aliuawa 1589. Kuta nyeusi tupu zimechorwa matone ya machozi rangi ya fedha, mwenyewe akawa anavaa nyeupe, kwao malkia msiba wake ni mweupe, na hakuolewa tena mpaka anakufa 1601. Mama ni mjane toka 2015. Aliangalia zile kuta akaniambia eda ni miezi minne na siku kumi, huyu kazidisha. Halafu akanyamaza, akabaki pale, mkono kwenye mlango. Wengine wameshateremka, mwongozaji alichungulia mara moja akaona, akarudi chini kimyakimya bila kutuita. Ndo maana nasema hii ziara thamani yake ilikuwa pale, ile ya basi saa hizo tungeshapulizwa filimbi.

(Ule ukumbi wa juu ya maji vita vya kwanza vya dunia ulikuwa wodi ya majeruhi, vita vya pili mto Cher ukawa mpaka wa eneo la Wajerumani, watu wanaingilia mlango huu wanatokea ule wa ng'ambo wameshaokoka. Jiko liko chini ndani ya nguzo za daraja, vyakula vilikuwa vinaletwa kwa mashua mpaka mlangoni, msiondoke bila kuliona.)

Amboise nilidhani itakuwa ya Leonardo da Vinci tu, aliitwa na François akahamia 1516, akafariki hapo 1519, na kaburi linalosemekana lake liko kwenye kikanisa kidogo juu ya boma. Kundi lote limejazana kwenye kikanisa, mama amebaki nje anapunga upepo, mara naona anakwenda peke yake upande wa bustani. Nikamfuata. Nikakuta mawe yamesimama yameandikwa Kiarabu. Ratiba haikuyataja hata kwa neno moja! Ni kumbukumbu ya watu 25 wa msafara wa Emir Abdelkader wa Algeria, yule aliyepigana na Wafaransa mpaka 1847 akaweka silaha chini kwa ahadi kwamba wataachwa waende zao nchi za Kiislamu, badala yake wakaletwa kufungwa Ufaransa, na kwenye boma hili walikaa toka 1848 mpaka 1852, waume kwa wake na watoto, wengine wakafia hapohapo kwenye baridi hii. Mwongozaji alipotuona kaja, na kisa chote anakijua vizuri, nikamuuliza mbona hukisemi, akasema wageni huwa hawaulizi. Mama hakuwa na habari na sisi, alishanyanyua mikono anawasomea Fatiha. Kisha akaniuliza, wana ndugu wanaokuja hapa? Nikasema sijui mama. Tukakaa pale dakika arobaini nzima na kundi likatusubiri chini mjini likinywa kahawa, wala hakuna aliyenuna.

Villandry ni bustani, jumba lenyewe mnaweza kuliruka. Daktari mmoja Mhispania, Joachim Carvallo, alilinunua 1906 akairudisha bustani kwa mtindo wa zamani, mboga zimepandwa kwenye miraba tisa mikubwa kama mikeka ya rangi, kabichi za zambarau, maboga, pilipili. Mama ni mkulima, alichouliza ni kimoja tu, nani anazila.

Haya, mashamba ya mizabibu, maana ziara inatangazwa hivo na sisi hatunywi. Hapa ndo lawama yangu ya tatu: bei ni ileile unywe usinywe, na niliuliza mapema wakaniambia haiwezekani kupunguza. Ila Vouvray, huko kwenye mizabibu tulikopelekwa, ni pa kwenda. Mawe meupe waliyojengea majumba yote haya, tuffeau wanayaita, laini unayakwaruza na ukucha, yalichimbwa kwenye vilima hivihivi, na mashimo yaliyobaki ndo yamekuwa maghala ya mvinyo, baridi ileile kiangazi na kipupwe. Ni kama pango refu, taa moja moja, mapipa na chupa maelfu zimelazwa zina vumbi. Zabibu karibu zote ni aina moja, chenin, na hiyohiyo ndo wanatolea mvinyo mkavu, mtamu na wa mapovu. Wenzetu wakaanza kuonja, wanasukutua, wanatema kwenye ndoo. Mama akanibana mkono: wanatema? Sasa wananunua ya nini? Mkulima akaona sisi tumesimama tu akatoka nje akarudi na jagi la maji ya zabibu yaliyokamuliwa saa ileile, walikuwa katikati ya kuvuna. Mama akanusa kwanza, akauliza haijachachuka hii, nikamtafsiria, yule baba akaonyesha saa yake na kidole kimoja, saa moja iliyopita. Tamu hiyo, nzito kidogo, ina rangi ya chai ya maziwa. Alikunywa glasi mbili. Halafu akamwambia mkulima, kupitia mie, kwamba kwetu Dodoma zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, yule baba alishika kichwa, yeye ni mara moja tu na mvua ikimkuta vibaya hana chake.

Mji wa zamani tulioupenda ni Chinon. Vichochoro vya mawe, nyumba za fremu za mbao zimeinama zinaegemeana kama wazee, na sehemu moja plasta imebanduka mama akasogea akachungulia ndani, udongo na majani makavu. "Hii si nyumba ya fito hii?" Ndiyo mama, tofauti ni kwamba hii wanaitoza tiketi. Juu ya mji kuna ngome alikofia Henry wa pili wa Uingereza 1189, na ndipo Jeanne d'Arc, yule binti wa kijijini aliyekuja kuongoza jeshi la Wafaransa, alipomfuata Charles wa saba 1429 kumwambia atamrudishia ufalme. Nilishajiandaa kumwacha mama chini na juisi yake. Kumbe kuna lifti! Ya bure, inakutoa mjini mpaka juu. Yaani ngome ya miaka mia nane ina lifti na hoteli yetu haina, mama alilisema hilo mara nne na mara ya tano kwenye gari nikamtafsiria dereva.

Kwa hiyo kama mnaenda na mzee, kabla ya kulipa ulizeni lifti na mtumiwe picha ya hiyo lifti, chakula msiishie kwenye fomu, andikeni tena imeili wiki moja kabla, na Amboise wakiwapeleka kikanisani nyie piteni bustanini. Septemba mwishoni au Oktoba mwanzoni ni pazuri kwa sababu ya mavuno ila koti lisikosekane. Mie nimewapa nyota nne, ya tano imebaki kwenye zile ngazi arobaini na saba. Niliwaandikia malalamiko, wamenirudishia euro 80, sio haba.

Mama amesharudi Tanga. Juzi kanipigia kwa vidio amekaa barazani na mashoga zake wawili, anataka nimtumie tena picha za ile nyumba ndogo haraka, wenzie wamekataa kuamini kwamba mto unapita chini yake.