Miezi saba na betri inayojifunza vilima vya Mwanza

Naendesha bodaboda ya umeme, kijiwe changu kipo Kirumba karibu na Mwaloni. Pikipiki ilikuja na programu ya simu inayosimamia betri kwa akili mnemba.

Mwanzoni sikuijali, nilikuwa naamini vijiti vya chaji kwenye dashibodi. Siku moja napandisha Bugando na abiria anayewahi zamu hospitali, vijiti vitatu kati ya vitano. Dakika mbili baadaye, kimya. Fundi akanielewesha: betri hizi za lithiamu-chuma-fosfeti, volti yake hutulia karibu palepale muda mrefu, ikikaribia kuisha inaporomoka ghafla. Kijiti kinachosoma volti tu kinakudanganya mchana kweupe. Programu inahesabu umeme unaoingia na kutoka, inachanganya na joto na vilima, ndipo inakisia kilomita zilizobaki.

Wiki mbili za kwanza ilikisia ovyo. Nahisi ilifunzwa kwenye tambarare, na mji wetu huu ni mawe juu ya mawe. Ilipozoea njia zangu, Kirumba hadi Buhongwa inakosea kilomita mbili tatu tu. Isichojua ni mzigo. Nikipakia magunia ya dagaa inashtukia njiani, kama mimi. Kesho yake nimebeba mwanafunzi mmoja mwembamba, bado inanitisha nirudi kuchaji.

Usiku inajaza hadi asilimia 80, inasubiri, halafu inamalizia alfajiri, maana betri ikikaa imejaa muda mrefu, tena kwenye joto, inachakaa haraka. Sawa, ila umeme wa mtaani kwetu haiujui. Mara mbili umekatika saa tisa usiku, nimeamka na 80 ileile, na asubuhi ndiyo yenye abiria. Siku hizi mawingu yakitanda ziwani jioni nazima mpango huo, najaza moja kwa moja. Betri yenyewe inakula karibu yuniti tatu za LUKU, si nyingi.

Kilichonifanya nisiifute kilitokea mwezi wa nne. Iliniletea ujumbe kwamba seli moja, yaani kibetri kimoja kati ya vinavyounda betri nzima, inashuka volti kuliko wenzake kila nikipanda mlima. Juu yake imeandika: "Afya ya betri: maskini." Nikadhani inanisema mimi. Pikipiki ilikuwa inakwenda vizuri tu, nikapuuza siku tatu. Fundi alipofungua akakuta kiungo kimoja kimelegea, kimeshaanza kubadilika rangi kwa joto. Akakikaza, ujumbe ukaisha. Ningeendelea hivyo hivyo, sasa hivi ningekuwa nadaiwa betri.

Kero nyingine: inakula bando, na huduma kwa wateja wanajibu kesho yake, wakijibu.

Kijana mmoja wa Igoma amenunua ya aina hii hii, nikamfungulia programu mwenyewe na kumwonya asubiri izoee njia. Hakusikia. Jana imemwambia bado kilomita 12, akaisukuma kuanzia Mabatini.