TAHADHARI: Kadi za grafiki za "GB 4" zinazouzwa Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna mtu anapitisha kadi za grafiki (kifaa cha kompyuta kinachotengeneza picha za skrini) kwenye magurupu ya kuuza na kununua hapa Unguja, anaziita GTX 1050 Ti ya GB 4, modeli ya kampuni ya Nvidia, kwa bei ya chini kuliko ya madukani. Msimpe pesa. Kijana mmoja anayehariri video za harusi ameniletea yake niitazame, ni feki.

Muuzaji anakuwashia Windows, unaona jina GTX 1050 Ti na memori GB 4, unaridhika. Lakini Windows haifungui kadi ikahesabu chipu za memori. Inaiuliza draiva (programu inayoiendesha kadi), na draiva inategemea yaliyoandikwa kwenye BIOS, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya kadi yenyewe. Matapeli huifuta BIOS hiyo wakaandika wanayoitaka. Hii ya kijana ndani yake ni GTX 550 Ti, kadi ya mwaka 2011 ambayo kwa kawaida huja na GB 1. Ukiangalia picha au kuandika barua huoni tatizo lolote. Mradi wa video ukishavuka ile memori ya kweli, ndipo skrini inapojaa michirizi au kuwa nyeusi, na kazi ya usiku kucha imekwenda. Huko ni kumkatia mtu riziki yake!

Kabla ya kulipa, weka programu ya GPU-Z kwenye kompyuta. Ni ya bure, na inaitambua chipu yenyewe badala ya kuliamini jina. Tangu 2018 inaandika FAKE kwenye jina la kadi ya Nvidia iliyochezewa namna hii. Tazama pia palipoandikwa Shaders, yaani idadi ya vitengo vidogo vya kuchora picha ndani ya chipu: 1050 Ti ya kweli ina 768, hii ilionesha 192. Halafu geuza kadi utazame matundu yake. Ukiona tundu la VGA, lile la zamani la waya wa skrini, la buluu, irudishe, kwani chipu ya 1050 Ti haitoi VGA.

Wanunuzi wa laptopu nanyi muangalie. Ukiambiwa "grafiki GB 8", andika dxdiag kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows, ifungue, na kwenye Display usome Display Memory (VRAM) peke yake. Ile Shared ni RAM ya kawaida ya mashine, wala si memori ya kadi.

Mliokwishauziwa, msifute meseji za muuzaji wala ujumbe wa malipo ya simu, na mkienda polisi ndivyo vya kuonesha. Njooni inbox, nitakupimieni kadi bila malipo.